Punta Tombo: njia ni ya pengwini

Sheria ya Punta Tombo ni moja na haina mjadala: pengwini akikatiza njia, binadamu anasimama. Hupigi makofi, humfukuzi, hunyooshi mkono kumsogeza kando. Unamngoja amalize shughuli zake, hata kama shughuli yenyewe ni kusimama palepale akiukodolea macho upepo. Mwongoza watalii wetu alitusomea sheria hii kwa Kihispania, akairudia kwa Kiingereza, halafu akamtazama Mzee kwa wasiwasi kidogo, maana Mzee alikuwa amekwisha kuchuchumaa mbele ya shimo la pengwini wa kwanza na kumpa salamu.

Mzee ni mvuvi wa Pemba. Tulikutana Puerto Madryn, mji wa pwani katika jimbo la Chubut, kusini mwa Argentina, kiasi cha kilomita 1,300 kutoka Buenos Aires. Sote tulikuwa tumealikwa kwenye mkutano wa wavuvi wadogo, yeye kwa ajili ya pweza na mimi kwa ajili ya makaratasi, kwa sababu kazi yangu huko Kilifi ni kuwaandikia wavuvi barua ambazo serikali haizijibu. Namwita Mzee kwa heshima, naye ananiita mwanangu. Siku ya mapumziko tukajilipia ziara ya kutwa: pengwini asubuhi, "utamaduni wa wenyeji" alasiri, chai ikiwa ndani ya bei.

Njiani hakuna mengi ya kusimulia. Nchi ni tambarare, imejaa vichaka vifupi vya rangi ya vumbi, na upepo hautulii hata nukta moja. Ni nyika ya Maungu ukiiondolea mibuyu na kuitia kwenye jokofu. Mara mojamoja unaona kundi la guanako, mnyama wa ukoo wa ngamia asiye na nundu, akiruka seng'enge kama hazipo. Mzee alilala hadi mji wa Trelew. Kutoka hapo ni kilomita 110 hivi kwenda kusini mpaka ufukweni.

Wengi wetu tumefundishwa kwamba pengwini na barafu ni ndugu. Punta Tombo haina barafu. Ina mchanga, kokoto, jua kali na vichaka, na chini ya karibu kila kichaka pana shimo, na ndani ya shimo pana ndege. Hawa ni pengwini wa Magellan, waliopewa jina la yule nahodha ambaye meli zake zilipita pwani hizi mwaka 1520. Kimo chao ni kama sentimita 70, uzito kilo nne hivi wakishiba, na wana mistari miwili myeusi kifuani. Wao ni wa ukoo mmoja na pengwini wa Afrika, wale wa Afrika Kusini na Namibia, kwa hiyo tuna jamaa zao barani kwetu.

Nilikuwa nimesoma kwamba hulia kama punda, nikadhani ni chumvi ya waandishi. Si chumvi. Dume mmoja alitoka shimoni, akainua mdomo juu, akatanua mabawa yake mafupi, akavuta pumzi kwa kwikwi mara tatu, kisha akaachia mlio ambao ungewageuza shingo watu wote wa Lamu.

"Huyu punda, mwanangu," Mzee akasema. "Wallahi huyu punda kavaa koti."

Tulikwenda mwezi wa Novemba, na nadhani ndio mwezi wa kwenda. Madume hufika Septemba kutoka baharini, kila mmoja akitafuta shimo lake la mwaka uliopita. Majike hufuata. Oktoba yanatagwa mayai mawili, na wazazi huyaatamia kwa zamu kwa siku kama 40. Kwa hiyo Novemba unawakuta wengine bado wamelalia mayai na wengine wana makinda ya kijivu yenye manyoya mororo, macho hayajazoea jua. Mwezi wa Machi wakubwa hunyonyoka manyoya ya zamani, na kufika Aprili wote wanaondoka kwenda kaskazini kufuata samaki, wengine hadi maji ya Brazili. Jike na dume hukutana tena msimu unaofuata kwenye shimo lilelile, mara nyingi wawili walewale. Mwongozaji alipoongeza kwamba msimu ukiharibika, makinda yakifa, jozi huweza kuachana na kila mmoja akatafuta mwenzake, Mzee alitikisa kichwa kama kadhi aliyekwisha kusikia kesi hiyo.

Lakini alichotaka kujua hasa ni samaki. Wanakula nini? Dagaa wa huko, ngisi, na samaki wadogo wengine. Wanakwenda mbali gani? Hapo mwongozaji alichangamka, kwa sababu jibu lipo. Mwanasayansi Mmarekani, Dee Boersma wa Chuo Kikuu cha Washington, alianza kuwachunguza pengwini wa Punta Tombo mwaka 1982, na kazi hiyo imeendelea kwa miongo. Wamewavisha ndege pete na vifaa vya setilaiti, na wameona kwamba mzazi anayeatamia anaweza kwenda baharini mamia ya kilomita kabla ya kurudi kumpokea mwenzake. Samaki wakisogea mbali, safari inarefuka, na aliyebaki shimoni anafunga kula siku nyingi zaidi.

"Sawasawa na sisi," Mzee akasema. "Siku hizi ukitaka samaki wa maana ununue petroli kwanza."

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1979, kwenye ardhi iliyotolewa na familia yenye ranchi ya kondoo. Miaka hiyohiyo kulikuwa na mpango wa kampuni ya Kijapani wa kuwavuna pengwini, ngozi zitengenezwe glavu, na nyama na mafuta yatafutiwe soko. Mpango ukapingwa na kufa. Baadaye adui akawa mafuta ya meli. Pengwini akipakwa mafuta manyoya hayazuii tena baridi, naye hufa kwa kugandishwa na maji yaleyale aliyoumbiwa. Katika miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990 walikufa kwa makumi ya maelfu kila mwaka kwenye pwani ya Chubut, mpaka mwaka 1997 njia za meli za mafuta ziliposogezwa mbali zaidi na ufukwe. Idadi ya jozi bado ni kubwa, lakini imekuwa ikishuka tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

Kuna jambo moja alilolisema mwongozaji tukiwa tumesimama kwenye daraja la mbao, chini yetu pengwini wakipita foleni kwenda baharini. Tarehe 19 Januari 2019 joto hapa lilifika nyuzi 44 kivulini. Ndege huyu ameumbwa kwa maji baridi. Mashimo yaligeuka tanuri, na waliojaribu kukimbilia baharini wengine hawakufika. Watafiti walizunguka wakahesabu mizoga: wakubwa 264 na makinda 90, siku moja. Mvua nayo ni balaa ya upande mwingine. Kinda ambaye bado hana manyoya ya kuzuia maji akilowa usiku hufa kwa baridi, na mvua kubwa kwenye pwani hii kavu zimekuwa zikiongezeka.

"Walihesabu mmoja mmoja?" Mzee akauliza.

Mmoja mmoja, akajibiwa. Na walipima wametembea umbali gani kabla ya kuanguka.

Na sheria ina meno pia, angalau mara moja. Mwaka 2021 mwenye shamba jirani alipitisha katapila kwenye ardhi yake karibu na mazalia, akafukia viota na mayai. Mwaka 2024 mahakama ya Chubut ilimtia hatiani. Wenyeji wa mji bado wanaizungumza kesi hiyo wakiwa mezani, na nilivyosikia, si wote walifurahi.

Tuliondoka mchana. Ningebaki. Kama una siku mbili, toa moja nzima kwa pengwini na uache chai kwa siku nyingine.

Bonde la mto Chubut linakushtua. Unatembea saa mbili ndani ya ukame, halafu ghafla miti mirefu iliyopangwa mistari kukinga upepo, mashamba ya majani mabichi, mabustani ya matunda, na mifereji ya maji pembeni mwa kila njia. Huu ndio mji wa Gaiman, na mifereji ndiyo hadithi yake, ingawa watalii huletwa kwa ajili ya keki.

Waliochimba mifereji ni Wawelisi, watu wa Welisi (Wales), nchi ndogo jirani na Uingereza iliyo chini ya utawala wa London. Mnamo Mei 1865 watu kama 150 kutoka Welisi walipanda meli Mimosa katika bandari ya Liverpool, wengi wao hawajawahi kulima, na tarehe 28 Julai wakashuka pale ambapo leo ni Puerto Madryn, katikati ya kipupwe. Mimosa ilikuwa imejengwa kubeba chai kutoka China, jambo ambalo wenye nyumba za chai wangelitangaza zaidi. Waliahidiwa bonde la kijani. Walikuta miiba, na maji ya kunywa yakawa umbali wa kilomita zaidi ya 60, huko kwenye mto. Mavuno ya kwanza yalikauka. Mwaka 1867 Aaron Jenkins alikata ukingo wa mto na kuingiza maji shambani, na masimulizi ya bonde yanasema wazo lilikuwa la mkewe, Rachel. Miaka ishirini na kitu baadaye ngano ya Chubut ilikuwa ikishinda medali Ulaya.

Kwa nini walikuja mwisho wa dunia? Hapa ilibidi nimsimulie Mzee habari ambayo mwongozaji aliipitia kwa sentensi moja, kwa sababu hii ninaijua kwa ngozi yangu. Nimesoma shule ya msingi Taita. Ukisikika ukisema Kidawida ndani ya uwanja wa shule unavishwa kipande cha mbao shingoni, na njia ya kukivua ni kumkamata mwenzako naye akikosea. Jioni aliyebaki nacho anachapwa. Tulikiita diski. Kizazi changu chote cha Wakenya wa bara kinakijua. Basi katika shule za Welisi za karne ya 19 kulikuwa na ubao wa aina hiyohiyo, unavishwa mtoto anayesema Kiwelisi, unahama shingo hadi shingo, na mwisho wa siku fimbo. Mchungaji Michael D. Jones, aliyekuwa kiongozi wa fikra ya kuhama, alitaka pahali ambapo lugha itakuwa ya kanisa, ya shule, ya korti na ya soko, mbali na Waingereza.

"Mlichapwa kwa kusema lugha ya mama zenu?" Mzee alishangaa. Pemba hawakuwa na diski. Lugha ya mama zao ndiyo hiyo tuliyolazimishwa wengine kuimudu darasani.

Chai yenyewe niseme ukweli: ni nyepesi. Hakuna tangawizi, hakuna iliki, maziwa unaongeza mwenyewe kwa kijiko kama dawa. Birika limevishwa sweta la kufuma lisipoe. Lakini meza! Mkate na siagi, skonzi za moto, jibini, jemu za aina nne au tano, pai ya tufaha, na ile keki nyeusi maarufu yenye zabibu na lozi, ambayo haikutoka Welisi, ilibuniwa hukuhuku bondeni. Wanasimulia kwamba maharusi huweka kipande chake kwenye kopo na kukila miezi baadaye, kwa sababu haiharibiki. Mzee aliuliza kuhusu mafuta ya nguruwe. Mama mwenye nyumba, mwanamke wa miaka sabini na zaidi aliyevaa aproni nyeupe, akajibu ni siagi tupu. Kisha Mzee akauliza kinachoifanya keki isiharibike. Pombe kidogo, mama akasema. Mzee akanisogezea kipande chake bila neno, nami sikumvunjia adabu kwa kukikataa.

Nyumba nyingine ya chai mjini ilimkaribisha Diana, Binti Mfalme wa Welisi, Novemba 1995, na inakumbusha jambo hilo kwa kila anayepita. Sikuona kejeli kwenye uso wa yeyote: watu waliovuka bahari kukwepa utawala wa London, na mgeni wao wa heshima ni huyo.

Nilipomwuliza mama kama bado wanasema Kiwelisi, aliita jikoni, na dada yake akajibu kwa Kiwelisi cha haraka kuhusu skonzi zilizokuwa zinaungua. Wajukuu wanakisoma shuleni. Tangu 1997 walimu wametumwa kutoka Welisi kuja kufundisha Chubut, kuna shule za lugha mbili Trelew na Gaiman, na kila mwaka hufanyika tamasha la mashairi na nyimbo. Kihispania ndicho cha dukani na cha mapenzi, lakini maelfu ya watu bado wanakisema kile kingine. Kwa mtoto wa diski, hilo ni jambo la kuonea wivu. Niliona wivu.

Ni Mzee aliyevuruga. Alifuta mdomo, akanyoosha tiketi mezani.

"Hawa walikuja kwa meli, mwaka umeutaja mwenyewe. Hapa pameandikwa wenyeji. Wenyeji wako wapi?"

Nilitafsiri. Mwongozaji alicheka, kisha akaacha kucheka. Alianza na sehemu nzuri, ile inayofundishwa shuleni, na ambayo ni kweli. Karibu mwaka mmoja baada ya Mimosa, Watehuelche, wenyeji wa asili wa nchi hii, walifika kwenye makazi ya wageni, na badala ya vita kukawa na biashara: nyama ya guanako, ngozi na manyoya ya mbuni wa huko kwa mkate na nguo. Waliwafundisha Wawelisi kuwinda. Bila wao, koloni lingekufa kwa njaa. Urafiki huo umesimamishiwa sanamu Puerto Madryn mwaka 1965, Mtehuelche wa shaba juu ya jabali anaitazama ghuba.

Halafu akaendelea na sehemu ambayo haimo ndani ya bei. Serikali ya Argentina haikuwapa Wawelisi bonde kwa huruma. Ilitaka raia wake kwenye ardhi ambayo Chile nayo iliitamani, na ambayo wenye nayo hawakuwa wamemtii yeyote. Kuanzia 1879 jeshi lilishuka kusini katika vita walivyoviita kuishinda jangwa, kana kwamba hapakuwa na watu. Hadi 1885 vilikuwa vimekwisha. Chifu Inacayal alifungwa, akaishia kuwekwa kwenye jumba la makumbusho la La Plata, akafa humo mwaka 1888, na mifupa yake ikawekwa kwenye kabati la maonyesho. Ilirudishwa Tecka, Chubut, mwaka 1994.

Wawelisi walijua. Baadhi waliandika barua kuwaombea jirani zao, hazikufaa kitu. Mmoja wao, John Daniel Evans, anayekumbukwa hadi leo jimboni, aliacha kumbukumbu ya safari yake kupitia Valcheta, katika jimbo jirani la Río Negro, upande wa kaskazini. Alikuta wafungwa wa makabila yale wamezungushiwa seng'enge ndefu, wakiwanyooshea mikono wapita njia na kuomba mkate, na kuuomba kwa neno la Kiwelisi walilojifunza enzi za biashara. Ndani ya ua alimtambua rafiki yake wa utotoni. Alirudi siku nyingine na fedha za kumtoa kwa bei yoyote. Rafiki alikuwa amekwisha kufa.

Mama wa nyumba ya chai alikuwa amesimama na birika mkononi. Hakukanusha, hakuongeza. Akammiminia Mzee.

Sijui niwaweke wapi Wawelisi, na sioni haja ya kuharakisha. Walikimbia ubao shingoni, wakakubali kuwa uzio wa serikali nyingine. Nakumbuka kwetu chini ya milima ya Taita, tambarare walipopewa walima mkonge na sisi tukaachiwa miinuko. Hakuna aliyewahi kutuambia kama miongoni mwa wale walima mkonge wapo waliokuwa wakikimbia kitu. Ingekuwa tofauti? Mkonge ungebaki mkonge. Lakini ningependa kujua.

Kwenye basi la kurudi mwongozaji alihama kiti cha mbele akaja kukaa nasi. Mama wa mama yake, akasema, alikuwa Mtehuelche, na nyumbani lilikuwa jambo la kunong'onezwa hadi alipofika umri wa miaka ishirini. Lugha hakurithi. Dora Manchado, mzungumzaji wa mwisho aliyekuwa akikisema Kitehuelche kwa ufasaha, alifariki kwenye jimbo la Santa Cruz mwanzoni mwa Januari 2019. Januari ileile ya joto. Watu lakini wapo: jamii za Wamapuche-Watehuelche zinaishi kwenye uwanda wa ndani wa Chubut, wanafuga kondoo na mbuzi, wanasimama mahakamani kwa ajili ya ardhi na kwenye barabara kupinga migodi. Alitutajia Gan Gan, kijiji cha barabara ya changarawe, ambako ana binamu wengi.

Mzee alitaka kujua ziara ya kwenda Gan Gan ni bei gani.

Hakuna ziara, akajibiwa. Lipo basi, si la kila siku, na ukifika unamuulizia binamu dukani. Akaandika jina la binamu nyuma ya risiti ya chai. Mzee alilikunja karatasi, akalitia ndani ya kofia yake, kisha akanigeukia kuuliza ndege yetu ya kesho inaondoka saa ngapi, na kama tiketi zile zinabadilishika. Hazikubadilishika. Tulibishana na dada wa shirika la ndege kwa simu hadi taa za Puerto Madryn zikaonekana, Mzee akininong'oneza nimwambie kuna msiba.